Wasichana na sayansi vyuoni: tunayoyasema Dodoma na yalivyo

Majina ya udahili yakishatoka, mjadala huwa uleule, iwe kwenye daladala la kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au kwenye kikao cha harusi: mbona wasichana wachache kwenye kozi za sayansi? Majibu hutolewa upesi, na mengi si ya kweli. Nimefundisha fizikia sekondari za mkoa huu, nimewaona mabinti wakali wa hesabu wakiishia kusoma wasichokipenda. Ndiyo maana majibu hayo siwezi kuyaacha yapite.

"Mtoto wa kike na hesabu haviendani"

Hesabu inawashinda wengi, wa kike kwa wa kiume. Katika mitihani ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, waliofaulu Hisabati nchi nzima wamekuwa kati ya moja ya tano na robo hivi ya watahiniwa. Somo linaloangusha makumi ya maelfu ya wavulana kila mwaka haliwezi kuitwa la wavulana.

Tena, kama sababu ingekuwa ubongo, idadi zingefanana kila nchi. Hazifanani. Aljeria, karibu nusu ya wahitimu wa uhandisi ni wanawake. Malaysia, wanawake wanakaribia nusu ya wanaosoma kompyuta vyuoni. Marekani mwaka 1984 wanawake walikuwa asilimia 37 hivi ya waliohitimu shahada ya kompyuta, na robo karne baadaye walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 18. Ubongo wa binadamu haugeuki kwa kizazi kimoja. Kilichogeuka ni nani ananunuliwa kompyuta nyumbani, na nani anaonyeshwa kwamba darasa lile ni lake.

Na mfano tunao hapa hapa nchini: Profesa Verdiana Masanja, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, aliyoipata Berlin miaka ya 1980. Utaalamu wake ni mwendo wa vimiminika, tawi ambalo hata wanahisabati wenyewe hawalichezei.

"Wenyewe ndio wanaokimbilia HKL"

HKL ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kauli hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inamtupia lawama mtu ambaye mara nyingi hakupewa nafasi ya kuchagua.

Zaidi ya nusu ya wanaofanya mtihani wa kidato cha nne siku hizi ni wasichana. Hawajakimbia shule. Wanapopungua ni baadaye, kwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) na PGM (fizikia, jiografia na hisabati), na mizizi yake iko kwenye sekondari ya kata, iwe Bahi, Chamwino au Mpwapwa. Shule ikiwa na mwalimu mmoja wa fizikia kwa madarasa yote, au isiwe naye kabisa, wanafunzi wote wanaumia. Ila maumivu hayalingani, na ukitaka kuona yanavyotofautiana, ingia kwenye praktiko ya kemia.

Kikundi kina wanafunzi wanane na bureti moja, ule mrija wa kupimia wenye koki chini. Mvulana anakaa mbele, anafungua koki, anazungusha flaski, anasubiri rangi igeuke. Mwingine anasoma kipimo. Msichana, ambaye mwandiko wake ni mzuri, anakabidhiwa daftari aandike matokeo. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana, na mwalimu akipita anaona kikundi kinafanya kazi. Wiki ijayo inakuwa vilevile. Unafika mtihani wa taifa, kila mtu anasimama peke yake mbele ya bureti yake, na binti huyo anashika koki kwa mara ya kwanza. Akipata D, tunasema kemia haikuwa kipaji chake.

Akirudi nyumbani, kiangazi cha Dodoma kinamsubiri. Visima viko mbali, foleni ya maji ni ndefu, na ndoo kwa desturi ni ya mtoto wa kike. Kaka yake muda huo anarudia maswali ya hesabu. Anayesoma shule ya mbali anapanga geto, yaani chumba cha kukodi, karibu na shule, na hatari za msichana wa miaka 15 anayeishi geto peke yake kila mzazi anazijua. Waliopata ujauzito walikuwa wakifungiwa mlango kabisa. Ruhusa ya kurudi katika mfumo rasmi ilitangazwa Novemba 2021 tu.

Badilisha mazingira uone. Msalato, shule kongwe ya wasichana ya vipaji maalumu hapa Dodoma, mabinti wanasoma PCM na PCB (fizikia, kemia na biolojia), na kwenye maabara hakuna mvulana wa kuachiwa bureti. Ndiyo hoja ya zile shule 26 za wasichana za sayansi, moja kila mkoa wa Tanzania Bara: bweni, maji, maabara.

"Waliofika chuo wamebebwa"

Sifa ya chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa aliyetoka kidato cha sita, yaani masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, haina toleo la kike. Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/2023, unatolewa kwa waliofaulu zaidi kwenye tahasusi za sayansi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na mafunzo ya awali kwa wasichana waliokuwa na sifa ya chini lakini wamekosa nafasi. Walisomeshwa hesabu na sayansi kwa wiki kadhaa, kisha wakafanyishwa mtihani. Aliyeshindwa hakuingia. Na ukishaingia, sapu (mtihani wa marudio) na kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) havimwangalii mtu jinsia.

"Akisoma uinjinia hataolewa"

Wahandisi wenye ndoa na watoto wapo tele. Binti anayesomea madini au mafuta na gesi anahitaji mzazi wa kumuuliza kuhusu masomo yake, si kuhusu posa.

"Mbona wapo wengi, uwiano si umeshapatikana?"

Hesabu ya jumla inaficha. Ukijumlisha uuguzi, famasia na biolojia pamoja na programu za kompyuta, mawasiliano ya simu na fizikia, chuo kinaonekana kimesawazika. Ingia darasa moja moja utaona wanawake wamejaa upande mmoja. Duniani kote wanawake ni kama asilimia 35 tu ya wahitimu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Halafu ndani ya darasa hilo lenye wasichana, ile bureti inarudi kwa sura nyingine. Kikundi kinapewa mradi wa programu: wavulana wanaandika msimbo, msichana anapewa ripoti, slaidi na kusimama kuwasilisha. Alama wanagawana sawa. Kwenye usaili wa kazi anaulizwa msimbo. Kazi kubwa ya kikundi hufanyika usiku kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, na ndaki za UDOM, yaani vyuo vyake vya ndani, zimetawanyika. Kutoka huko hadi hosteli ni mwendo wa giza, kwa hiyo binti anaondoka diskasheni ikiwa ndiyo kwanza imekolea.

Dawa yake haihitaji bajeti ya wizara. Mhadhiri akitangaza tangu wiki ya kwanza kwamba kila mwanakikundi atahojiwa peke yake kuhusu sehemu ya msimbo aliyoiandika, kibodi itazunguka. Kikundi kikikubaliana kukutana saa kumi jioni badala ya saa tatu usiku, na chuo kikiweka taa kwenye njia za hosteli, binti atakuwepo programu inapokataa na watu wanapotafuta kosa liko wapi. Hapo ndipo kuandika programu kunapofundishwa.