Kabla ya kurudi kwenye meza ya upasuaji wa parathiroidi

Ukifika kliniki ukiwa na kovu la upasuaji shingoni na kalsiamu ya damu bado iko juu, kitu cha kwanza nitakachokuomba ni karatasi za upasuaji wa awali. Wengi hushangaa. Wametoka Arua au Busia wakitarajia kulazwa kesho yake, nami nauliza habari za daftari lililobaki nyumbani.

Watu wengi wana tezi nne za parathiroidi, kila moja kama punje ya mchele, nyuma ya tezi ya thiroidi, ile inayovimba ikawa goita. Ni majirani tu. Kazi zao ni tofauti. Parathiroidi hutoa homoni inayosimamia kalsiamu. Ikizidisha kazi, huchota kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu. Mifupa inauma na kuvunjika kirahisi, figo zinaota mawe, mtu anashikwa na kiu, choo kigumu na uchovu usioisha. Kwa wagonjwa takribani 8 kati ya 10, tezi mbovu ni moja. Mpasuaji mzoefu akiitoa, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona mara ya kwanza.

Nawaandikia hasa wale wachache wanaobaki. Kalsiamu ikiwa juu ndani ya miezi 6 baada ya upasuaji, ugonjwa haukuondoka. Ikikaa sawa zaidi ya miezi 6 ndipo ikapanda, umerudi. Huenda tezi ya pili ilikuwa mbovu pia, au iliyo mbovu imejificha. Mtoto akiwa tumboni, tezi hizi hushuka hadi mahali pake shingoni, na nyingine hupitiliza. Nahodha Charles Martell wa Marekani alipasuliwa mara sita bure, huku mwili wake ukifupika kwa zaidi ya sentimita 15. Mara ya saba, mwaka 1932, tezi ilipatikana kifuani. Alifariki wiki chache baadaye, baada ya kupasuliwa kwa sababu ya jiwe la figo. Leo tunaitafuta tezi kwa picha kwanza, kisu baadaye.

Hata kabla ya picha, tunahakikisha ugonjwa ni huo kweli. Tunapima upya kalsiamu, homoni ya parathiroidi na vitamini D. Tutakuuliza dawa zako zote, kwa kuwa dawa za presha za kundi la thiazaidi, na litiamu ya magonjwa ya akili, hupandisha kalsiamu. Usiziache bila kumwona daktari. Kisha tunataka mkojo wako wote wa saa 24, uliokusanywa kwenye chombo kimoja. Najua kubeba chombo hicho kwenye boda boda kunatia aibu, lakini kipimo hiki hufichua hali ya kurithi ambayo kalsiamu iko juu na upasuaji hauna faida. Mtu asipasuliwe mara mbili kwa ugonjwa asionao.

Mara ya pili ni ngumu zaidi. Kovu limegandisha nyama, na neva inayoendesha sauti imefungwa humo humo. Ndiyo maana tunachungulia nyuzi za sauti mapema, na tunataka vipimo viwili, kwa mfano ultrasaundi na skani ya kinyuklia (picha inayopigwa baada ya kudungwa dawa yenye mionzi kidogo), vionyeshe mahali pamoja. Visipokubaliana, mara nyingi ninashauri kusubiri na kupiga picha nyingine. Wenye figo zilizoshindwa wanaosafishwa damu ni suala jingine: kwao tezi zote nne huweza kukua, na kipande cha tezi kilichoachwa wakati wa upasuaji kinaweza kukua tena.

Baada ya upasuaji, ganzi midomoni, vidole kuchonyota au misuli kukaza ni dalili kwamba kalsiamu imeshuka. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na usiache maziwa ukiogopa kalsiamu. Hayakuleta ugonjwa huu.

Kuhusu karatasi: maelezo ya upasuaji yanasema tezi zipi zilionekana na zipi hazikuonekana, na ripoti ya maabara inasema kama kilichotolewa kilikuwa parathiroidi kweli, maana kinundu cha thiroidi au tezi ya limfu huweza kufanana nayo. Kama daftari limepotea, nenda ulikopasuliwa uombe nakala. Uliza rejista ya chumba cha upasuaji, kisha maabara. Tarehe na jina ulilojiandikishia vinatosha kuanzia, nasi tutakusaidia kuandika barua ya kuomba.