Je, wajua kwa nini kompyuta ndogo hukwaruza sauti ilhali prosesa yake haina kazi kubwa?

Mtu anayetengeneza muziki wa sampuli, yaani muziki unaojengwa kwa vipande vya sauti vilivyokwisha kurekodiwa na kupigwa upya kwa kibodi au pedi (vitufe bapa vya kubonyeza kwa vidole), akihamia kwenye kompyuta ndogo ya mezani hukutana mapema na kitendawili hiki: sauti inakwaruza na kukatika, na wakati huohuo kompyuta inaonyesha kwamba prosesa imetumika kwa asilimia 25 tu. Nami nilikutana nacho, nikakitegua vibaya. Niliamini kuwa mkwaruzo ni dalili ya kompyuta kuelemewa, nikaongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kutoka gigabaiti 8 hadi 16, nikarudi kwenye pedi, nikabonyeza, na mkwaruzo ukaniitikia vilevile.

Kosa hilo linastahili kuchambuliwa, kwa kuwa ndilo ushauri wa kwanza ambao mtu hupewa. RAM ni ghala, na ghala halifanyi kazi iende haraka isipokuwa pale mzigo ulipokosa nafasi. Dakika moja ya sauti ya stereo kwa kiwango cha CD inachukua takriban megabaiti 10.6. Mtayarishaji wa singeli jijini Dar es Salaam anayekata vipande 100 vya taarabu ya zamani, kila kimoja cha sekunde 4, hafikishi megabaiti 71 kwa jumla. Mashine ya sampuli ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 hivi tu, na watu walitengeneza albamu nzima kwayo. Ni kweli kwamba maktaba za sampuli za piano na okestra hufikia makumi ya gigabaiti, na hapo RAM ina maana. Lakini hata hapo, tangu programu ya GigaSampler ilipotoka mwaka 1998, mazoea ni kuweka kwenye RAM mwanzo tu wa kila sampuli na kuvuta sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski wakati noti inaendelea kulia, kama muuza vitumbua anayeandaa vichache kabla ya alfajiri ili mteja wa kwanza ahudumiwe huku vingine vikiwa bado kikaangoni.

Kosa la pili lilikuwa kuiamini ile asilimia 25. Hiyo ni wastani wa muda mrefu, ilhali sauti haiendeshwi kwa wastani.

Kadi ya sauti, yaani kifaa kinachopeleka sauti kwenye spika, hudai vipimo 44,100 (namba zinazoeleza wimbi la sauti) kila sekunde kwa kila chaneli. Prosesa haivileti kimoja kimoja, bali huviandaa kwa mafungu na kuyaweka katika hifadhi ndogo ya kusubiri iitwayo bafa. Fungu la vipimo 256 linatosha milisekunde 5.8, na lazima fungu linalofuata liwe tayari kabla hilo halijaisha.

Tuchukue pipa lenye bomba chini, bomba ambalo likishafunguliwa halifungwi. Mteka maji anakwenda kisimani, anarudi na ndoo, anaimimina, kisha anakaa chini ya mwembe mpaka wakati wa safari nyingine. Ikiwa safari inamchukua robo ya muda, robo tatu zote anapumzika, na hiyo ndiyo asilimia 25 yetu. Siku moja, akiwa njiani, jirani anamwita amsaidie kusogeza kabati. Si kazi ndefu, lakini anaporudi pipa limekauka na bomba limekwisha kutoa hewa. Ukihesabu kazi yake ya siku nzima utaona bado alipumzika karibu robo tatu ya muda, na hata angeongezewa ghala la ndoo nyumbani, asingefika mapema zaidi. Ile hewa ndiyo mkwaruzo.

Katika kompyuta, majirani wenye makabati ni wengi. Draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoendesha kifaa hicho, inaweza kuishika prosesa kwa milisekunde kadhaa bila kuomba ruhusa. Mipango ya kubana umeme huilaza prosesa, na kuiamsha nako huchukua muda. Katika kisanduku kidogo chenye feni ndogo kuna pia joto, ambalo huilazimisha prosesa kupunguza kasi. Kwa hiyo mkwaruzo unaoanza baada ya nusu saa ya kazi hunifanya nishuku joto kwanza, ingawa dalili hiyo peke yake si ushahidi kamili. Kwangu ilikuwa Wi-Fi. Niliizima, na pedi zikalia safi.

Mtu atauliza kwa nini tusinunue pipa kubwa. Bafa ya vipimo 1024 inampa mteka maji milisekunde 23, lakini maji anayomimina sasa hayafiki bombani mpaka yaliyotangulia yaishe, yaani kidole kinabonyeza na sauti inachelewa. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa takriban meta 343 kwa sekunde, milisekunde 23 ni sawa na kupiga ngoma huku spika ikiwa meta 8 kutoka ulipo. Katika singeli ya mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62.5, na ucheleweshaji huo unameza zaidi ya theluthi yake. Ucheleweshaji halisi huwa mkubwa kuliko wa bafa peke yake, kwa sababu kadi na draiva huongeza wao pia, na uvumilivu hutofautiana: anayepiga sampuli ya ngoma hulalamika mapema kuliko anayepiga nyuzi zinazopanda polepole.

Ndiyo maana bafa hubadilishwa kulingana na kazi. Ninapopiga na kurekodi huiweka kwenye 128, na ninapochanganya sauti, ambapo hakuna kidole kinachosubiri jibu, huipandisha hadi 1024. Ile RAM ya ziada bado imo ndani ya kompyuta, na sijawahi kuiona ikijaa.