Je, wajua kwa nini kukandwa kiuno hupunguza uchungu wa kuzaa?

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, kabla hujawaza lolote mkono umeshakishika na kukisugua. Mjamzito anayeanza uchungu hufanya vivyo hivyo: anashika kiuno, anainamia meza, anayumbisha nyonga huku na huku. Hakuna aliyemfundisha. Lakini kusugua kunasaidiaje, wakati kinachouma kiko ndani kabisa?

Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Taarifa nyingi za maumivu hupita kwenye nyuzi nyembamba za fahamu, tena polepole, mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Taarifa za kuguswa na kukandamizwa zina nyuzi nene, nazo hukimbia zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Hizi zikifika kwa wingi, lango hubana, na maumivu yanayopenya hadi kwenye ubongo hupungua. Hayaishi, ila yanabebeka.

Ndiyo maana huniuma kusikia mwanamke akiambiwa "vumilia tu" na watu waliokaa mikono mitupu. Mikono hiyo ina kazi.

Tafuta ule mfupa bapa chini ya kiuno, juu kidogo ya mpasuko wa makalio. Weka hapo kisigino cha kiganja. Uchungu ukianza kupanda, sukuma kwa nguvu, bila kuhamahama. Ukishuka, legeza taratibu. Wengi hukosea kwa kupapasa juu juu, jambo ambalo huweza kumkera tu. Mwenye uchungu ndiye aelekeze: "shuka kidogo, hapo hapo, kaza." Na akisema "usiniguse," toa mkono bila kununa, maana anachokitaka saa hii huenda asikitake saa ijayo.

Kuna wanaoumwa kiuno kuliko tumbo. Mara nyingi kisogo cha mtoto kimeelekea mgongoni mwa mama, kichwa kinaugandamiza mfupa ule ule. Huyo apige magoti, aegemeze kifua kwenye kiti au mto mkubwa, tumbo lining'inie. Uzito wa mtoto hutoka mgongoni, nawe unapata nafasi nzuri ya kukanda.

Joto nalo husaidia, kwani hulegeza misuli. Kuoga maji ya uvuguvugu, au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, vinatosha. Jaribu kwanza kwenye mkono wako, maana ngozi ya anayeumwa huweza kuungua bila yeye kutambua upesi.

Uchungu wa mwanzo, yaani kabla njia haijafunguka sentimita 5, huweza kuchukua saa nyingi, hasa kwa mimba ya kwanza. Kwa hiyo asimalize nguvu mapema. Atembee akijisikia, anywe maji, ale kitu chepesi kama hakukatazwa, na usiku alale kwa ubavu. Kulala chali kwa muda mrefu si vizuri, kwa sababu mfuko wa uzazi huilalia mishipa mikubwa ya damu.

Hofu pia ina mkono wake. Mwili ukiogopa humwaga adrenalini, nayo huweza kuzuia oksitosini, homoni inayosukuma uchungu uendelee. Misuli hukakamaa na maumivu huzidi. Pumzi ndefu ya kutoa, polepole kama anayepuliza uji, hulegeza mabega na taya. Taa zipunguzwe, kelele zipungue, na abaki mtu mmoja anayemwamini, asiyeondokaondoka.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri kukandwa. Aende kituo cha afya mara moja akitokwa damu, chupa ya uzazi ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, akiumwa kichwa kikali au kuona ukungu machoni, akipata homa, au uchungu ukianza kabla ya wiki ya 37. Tumbo likikaza na kubaki gumu bila kuachia, hali kadhalika. Kama hakuna dalili hizo, amuulize mkunga mapema aondoke nyumbani uchungu ukiwa umefikia wapi. Anayeishi mbali au aliyewahi kuzaa aondoke mapema zaidi. Na njiani, mwenye mkono wa kumkanda akae kwenye kiti cha pembeni yake.