Farasi anachechemea, lakini eksirei haionyeshi kitu

Farasi akianza kuchechemea, mwenyewe huuliza: atapigwa picha lini? Sisi madaktari wa mifugo huanza kwa macho. Tunamwomba mtunzaji amkimbize polepole mahali pagumu, nasi tunatazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa huinuka. Ule mzima ukikanyaga, huinama. Kisha tunapapasa kwato kama ina moto, maana mara nyingi shida ni usaha tu uliojifungia ndani.

Usaha usipokuwepo, tunachoma ganzi kuanzia chini ya mguu, tukipanda hatua kwa hatua. Akitembea vizuri ghafla, tumepajua pa kupiga picha.

Eksirei huona umbo la mfupa. Ultrasaundi huona kano, ila haipenyi kwato ngumu. Humo tunaitegemea MRI, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku kali, na zipo mashine za kumpima farasi akiwa amesimama, amepewa dawa ya kumtuliza tu. Hilo ni jambo kubwa. Farasi aliyelazwa kwa nusukaputi huzinduka na kupapatika kuinuka, na anaweza kuvunjika mguu papo hapo.

Tatizo ni kwamba mfupa huanza kuumia kabla umbo lake halijabadilika. Ufa mwembamba wa siku chache unaweza usionekane kabisa kwenye eksirei. Mwaka 2019, farasi zaidi ya 30 walikufa katika uwanja wa mashindano wa Santa Anita, California, wengi kwa kuvunjika miguu. Desemba mwaka huohuo uwanja uliwekewa mashine ya PET ya kumpima farasi akiwa amesimama, kazi iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako farasi alipimwa kwa PET mara ya kwanza mwaka 2015. Katika kipimo cha PET, farasi huchomwa dawa yenye mionzi kidogo, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Dawa hukusanyika pale mfupa unapohangaika kujijenga upya, na kwenye picha pale hung'aa. Kwa farasi wa mbio, tunavichunguza zaidi vijifupa viwili vidogo vilivyo nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato, kwa sababu vikipasuka katikati ya mbio ni nadra farasi kupona.

Mashine hizo ni chache na ghali. Lakini kuna jambo moja lisilogharimu kitu: usimpe farasi dawa ya maumivu asubuhi ya kumleta kwetu. Mguu ukishatulia, ganzi yetu haina cha kutuonyesha, na hatutajua tupige picha wapi.