Kubadili kazi Uganda: dhana potofu na ukweli

Mtoto akimaliza S4, yaani kidato cha nne, ukoo mzima hukutana kumchagulia kazi. Miaka kumi na mitano baadaye yuko ofisini Kampala, jicho kwenye saa, akingoja ifike kumi na moja jioni. Mara nyingi kinachomzuia kuondoka si woga. Ni mambo aliyoyasikia akayashika kama sheria.

"Chukua sayansi, huko ndiko salama."

Maneno haya yalipata nguvu mwaka 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wenzao wa sanaa wakabaki chini. Nyongeza ni ya kweli, lakini inamfaa aliyefaulu sayansi, si aliyesukumwa kuisoma. Tazama hesabu iliyozoeleka ya kuingia vyuo vikuu vya serikali. A ya S6, kidato cha sita, ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Masomo mawili ambayo kozi inayahitaji zaidi huzidishwa kwa 3, na la tatu kwa 2. Kijana aliyelazimishwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akapata D, D na E ana 9, 9 na 4, jumla 22. Udaktari haufikiki hapo. Angesoma HLD (historia, fasihi na dini) anayoipenda akapata A, A na B, angekuwa na 18, 18 na 10, jumla 46, kwa kozi inayotaka masomo hayo. Mzazi, kabla ya kuchagua kombi, yaani mkusanyiko wa masomo, ya S5, fungua daftari za mtoto uone somo analolifanyia mazoezi bila kuambiwa.

"Ukipenda kitu, kifanye kazi."

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Kupenda nguo nzuri si kupenda ushonaji. Chukua gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda: linaweza kula mita 6 za kitambaa, lina shingo ya mraba, mikono mifupi iliyotuna begani ikachongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana juu ya nyonga. Ukikosea kukata bega, kitambaa cha mteja kimeharibika na utakilipa. Siku ya fundi ni kupima, kukata, kufumua mshono uliokwenda upande, na kumpigia simu aliyechukua nguo akabakiza deni. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hiyo ndiyo unayopaswa kujiuliza kama unaipenda.

Kwa hiyo jipime kabla ya kuacha mshahara. Nenda kwa fundi Jumamosi nane mfululizo, ukashike mkasi, usikae kutazama. Kila jioni andika ulichofanya na muda kilichochukua, kisha weka alama kwenye kazi iliyokusahaulisha saa. Mbili za kwanza usizihesabu, maana ugeni una utamu wake. Ukifika ya nane na bado unafumua na kushona tena kwa hiari yako, endelea. Ukigundua kwamba kilichokufurahisha ni kuchagua vitambaa na kuzungumza na wateja, basi wito wako ni duka la vitambaa, si cherehani. Ni afadhali kulijua hilo mapema, kwa sababu mtaji wake ni mwingine kabisa.

"Nitaacha kazi nichukue NSSF yangu."

NSSF ni mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Pesa ni zako, asilimia 5 kutoka mshahara wako na 10 za mwajiri, lakini hazitoki kwa sababu umeacha kazi. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye ulemavu, akifika miaka 40 na michango ya miaka hiyohiyo 10, hadi 50. Asiye na ajira kwa mwaka mzima huweza kudai akiwa na miaka 50, na kwa kawaida wengine ni 55. Mtu wa miaka 32 asiiweke NSSF kwenye mpango wake. Aweke akiba ya matumizi ya miezi sita: anayetumia 900,000 kwa mwezi anahitaji 5,400,000, mbali na pesa ya mashine na vitambaa. Wanaotia pesa hizi mfuko mmoja hujikuta wakilipa kodi ya nyumba kwa mtaji.

"Umri umenipita."

Vyuo vikuu vina mtihani wa kuingia kwa watu wazima, kuanzia miaka 25. Mwenye shahada ya fani nyingine anayetaka ualimu anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya elimu badala ya kuanza shahada upya. Na fundi aliyejifunzia Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, bila kukaa darasani anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake akapewa hati, njia iliyofunguliwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008. Kabla ya kulipa ada, hakikisha NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, imeidhinisha kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa halali huku kozi haijaidhinishwa.

"Nikipata pengine, naondoka kesho."

Sheria ya Ajira ya 2006 inataka notisi: wiki mbili ukizidisha miezi sita kazini, mwezi mmoja ukifikisha mwaka, miezi miwili ukifikisha miaka 5, mitatu ukifikisha 10. Katika barua hiyohiyo omba hati ya utumishi. Ukiiomba, mwajiri ana wajibu wa kuitoa, na kuifuatilia baada ya kukabidhi funguo ni taabu.