Tafsiri sisisi si neno kwa neno

Juzi tena nimemsikia mtu akiiponda tamthilia ya Kihungari iliyotiwa Kiingereza: "sisisi tupu, neno kwa neno!" Jamani, hivyo ni vitu viwili.

Tafsiri sisisi huchukua maana ya kawaida ya maneno, ila sentensi huipanga kwa sarufi ya lugha lengwa, yaani ile inayotafsiriwa kwayo. Basi. Ya neno kwa neno hung'ang'ania mpangilio wa lugha chanzi, ile ya matini asilia, hata sentensi ivunjike.

Wahungari husema: Ott sincs kolbászból a kerítés. Neno kwa neno: "Huko pia-hakuna soseji-kutoka uzio." Sisisi: "Huko nako uzio haukujengwa kwa soseji." Ya pili inasomeka, ingawa mtazamaji wa London atajiuliza soseji zimetoka wapi. Kumfikishia kwamba hata ughaibuni maisha si mteremko ni kazi ya tafsiri ya kimawasiliano, ile inayotanguliza ujumbe.

Neno lenyewe "tafsiri" tumelitoa kwa Waarabu, na kwao ni ufafanuzi, kama ule wa Kurani; kuhamisha lugha wao huita tarjama. Wahungari wana fordítás, kutokana na fordít, yaani kugeuza. Napenda la kwao, maana kinachogeuzwa hakivunjwi.

Katika kumbi za Uingereza, mara nyingi mjuzi wa lugha huandaa rasimu sisisi, kisha mwandishi wa tamthilia, ambaye pengine hajui hata kusalimia kwa Kihungari, huifanya mazungumzo ya jukwaani. Kwenye bango linang'aa jina la huyo wa pili. Lakini rasimu ingekuwa neno kwa neno, angeshika wapi? Wengine huenda mbali zaidi: mwaka 1984 Tom Stoppard, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, aliichukua Játék a kastélyban ("Mchezo kasrini"), tamthilia ya Mhungari Ferenc Molnár, akawatoa wahusika kwenye kasri na kuwapandisha meli, ikawa Rough Crossing. Hayo ni marekebisho, wala hakuyaficha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mazungumzo yakiwa makavu lakini sentensi zimenyooka, sema ni sisisi. Neno kwa neno iachie ile ambayo mwigizaji hawezi hata kuitamka.