Sera ya Kupunguza Madhara ya Pombe Ni Nini?

Wengi wakisikia serikali ina sera ya kupunguza madhara ya pombe, huwaza polisi wakimwaga mtaroni mitungi ya chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Huo ni msako tu. Sera huanzia kwenye neno "madhara": ajali za barabarani, kipigo nyumbani, ini lililoharibika, mshahara unaoishia baa kabla haujafika kwa mama watoto. Mengi ya hayo humpata hata asiyewahi kuonja tone. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019.

Serikali haiwezi kuingia moyoni mwa mnywaji, kwa hiyo hushika vile vinavyoizunguka chupa: bei, saa za kuuza, mahali pa kuuzia, kifungashio, matangazo, na nani anayeshika usukani. Sheria ya Kenya ya 2010, ambayo mitaani huitwa sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, imejengwa hivyo. Iliamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na zifungwe saa tano usiku. Ilizikataza pia kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Tena sheria hiyohiyo ndiyo iliyohalalisha chang'aa! Hoja yake ilikuwa kwamba heri kinywaji kinachopimwa na kutiwa kwenye chupa kuliko kinachopikwa kichakani na kuongezwa methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Tanzania ilishika kifungashio. Viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Bia ya chupa haikuguswa, wala konyagi ya chupa. Kilicholengwa ni ile pombe kali ya chenji, inayoingia mfukoni mwa mwanafunzi au dereva wa bodaboda bila mtu kujua.

Bei ndiyo yenye kona nyingi. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukipandisha ushuru, unywaji hupungua, na wanaopunguza hasa ni vijana na watu wa kipato kidogo. Lakini kanuni hiyo hudhani kwamba hakuna kinywaji kingine cha bei rahisi karibu, na kwetu kipo, nyuma ya nyumba ya jirani. Ndiyo sababu mwaka 2004 Kenya ilikubali kuisamehe ushuru Senator Keg, bia ya pipa, ili mlalahoi apate kitu safi anachokimudu badala ya chang'aa. Mwaka 2013 Hazina, ikitafuta mapato, ilipunguza msamaha huo hadi asilimia 50. Glasi ikapanda bei na mauzo ya keg yakaporomoka. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Sitasema ushuru ndio uliowaua. Walioitia sumu ni wauzaji. Ila mnywaji aliyeikosa keg hakwenda kununua maziwa. Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa, safari hii asilimia 90.